Git inajuaje faili imebadilishwa jina au kuandikwa upya: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Bon, nianze na kilichotupata na Git, ile programu inayotunza historia ya mafaili na kuunganisha kazi za watu. Tuko wawili kwenye programu moja ya kupima kahawa na kuhesabu malipo ya wakulima, mie niko Bukavu, mwenzangu yuko Goma, kati yetu kuna ziwa lote na intaneti ya kuja na kuondoka. Usiku mmoja nikachukua faili yetu ya stock.py (fishye, kama tunavyosema huku) nikaiita depot.py, na palepale nikaiandika upya karibu nusu nzima juu ilikuwa imechafuka, nikapiga komiti moja (kuhifadhi kazi ndani ya Git) ya kila kitu nikalala. Wiki hiyohiyo mwenzangu wa Goma alikuwa amerekebisha hesabu ya bei ndani ya stock.py ileile ya zamani. Siku ya kuunganisha kazi Git ikatuambia hivi:

CONFLICT (modify/delete): stock.py deleted in HEAD and modified in goma.

HEAD hapo ni upande wangu, goma ni brenchi (tawi la kazi) ya mwenzangu. Yaani kwa Git mie nimefuta faili, na depot.py ni kitu kipya kabisa kisichojulikana kimetoka wapi. Marekebisho ya mwenzangu yakabaki yananing'inia kwenye faili ambayo haina kazi tena. Tulipoteza siku mbili kunakili kwa mkono, mstari kwa mstari, na hatukuwa na haja hata kidogo, njo maana naandika hii yote kwa mpangilio ili we usipitie palepale. Fungua mashini yako ufanye pamoja nami, majaribio yote yanafanyika ndani ya mashini, haikuli hata mega moja.

Kwanza: Git haiandiki jina limebadilika

Hapa watu wengi wanakosea, hata watu wa miaka mingi kwenye kazi. Unapopiga komiti, Git inaweka picha nzima ya dosie ilivyo saa hiyo: yaliyomo ndani ya kila faili yanapewa alama yake ya SHA-1 (namba ndefu inayohesabiwa kutoka kwenye yaliyomo), halafu kuna orodha inayosema jina fulani linaelekea alama fulani. Basi. Hakuna popote pameandikwa "stock.py sasa inaitwa depot.py". Linus Torvalds alipoianza Git mwaka 2005 aliamua hivyo makusudi, na imebaki hivyo mpaka leo.

Mercurial na Subversion, programu nyingine za kazi hiihii, zinafanya kinyume, huko ukitumia hg mv au svn move jambo linaandikwa na linabaki kwenye historia. Kwenye Git, kubadilishwa jina kunakisiwa upya kila mara unapouliza, unapopiga git diff (tofauti), git log (historia), git merge (kuunganisha). Inalinganisha picha mbili, inaona jina moja limetoweka na jina lingine limezaliwa, halafu inajiuliza: hivi hawa si mtu mmoja?

Faida yake ni kwamba unaweza kuuliza leo kwa ukali na kesho kwa upole, juu ya komiti ileile ya miaka mitatu nyuma, na jibu likabadilika. Hilo ndilo litakalokuokoa huko mbele.

Hatua ya 1: tengeneza mahali pa kujaribia

Kwenye Linux au Git Bash ya Windows:

mkdir jaribio
cd jaribio
git init
seq 1 200 > orodha.txt
git add .
git commit -m "mwanzo"

Sasa una faili ya mistari 200, namba 1 mpaka 200, baiti 692. Nimechagua namba juu hesabu yake unaweza kuifanya hata kwa kalamu.

Hatua ya 2: badilisha jina tu

git mv orodha.txt wateja.txt
git diff --cached --name-status

Utaona R100, kisha majina mawili. R ni ya kubadilishwa jina, 100 ni asilimia ya kufanana. Hii ni rahisi sana kwa Git, haisomi hata yaliyomo, inaangalia tu kwamba alama ya SHA-1 ya faili iliyotoweka ni sawasawa na ya ile iliyozaliwa. Hata faili elfu kumi zinapita haraka.

Na kama unafikiri git mv ndiyo iliyoiambia Git siri, jaribu kutumia mv ya kawaida halafu git add -A, utapata R100 ileile. git mv ni njia ya mkato tu, haiandiki kitu chochote cha ziada.

Hatua ya 3: badilisha jina na yaliyomo pamoja

(seq 1 140; seq 5001 5060) > wateja.txt
git add -A
git diff --cached --name-status

Tumeacha namba 1 hadi 140, tumetoa 60 za mwisho, tumeweka 60 mpya. Sasa itakuja R060. Hiyo 60 imetoka wapi? Hapa tukae kidogo, ukielewa hapa mengine yote yanakuja yenyewe.

Fikiria mama amepeleka kikwembe chake cha zamani kwa fundi kule Kadutu, kikarudi kimekuwa gauni la mtoto na fundi ameongezea kitambaa kingine. Wewe ukitaka kujua kama gauni hili limetoka kwenye kile kikwembe hauulizi jina la gauni, unaangalia maua: vipande vingapi vya kitambaa cha zamani vimo ndani ya hiki kipya, na kile kikubwa kati ya viwili kina ukubwa gani. Git inafanya hivyohivyo. Inakata kila faili vipande vipande, kipande ni mstari mmoja, au baiti 64 kama mstari ni mrefu kupita hapo. Kila kipande kinapigiwa hesabu kupata namba yake, kisha inatafuta vipande vya faili ya zamani ambavyo viko pia mu faili mpya, inajumlisha baiti zake, na inagawanya kwa ukubwa wa faili iliyo kubwa kati ya hizo mbili.

Kwetu hapa: namba 1 hadi 140 ni baiti 452. Faili mpya nzima ni baiti 752. 452 gawanya kwa 752 ni 0.601, ndiyo R060 yako.

Kutoka kwenye hesabu hiyo kuna mambo manne ambayo yatakusumbua kazini, na hakuna anayekuambia.

Kuongeza kunashusha alama sawa na kufuta. Una faili ya baiti 3000, haujafuta hata herufi moja, umebadilisha jina na kuongeza baiti 3500 za kazi mpya. 3000 kwa 6500 ni 46%, chini ya kiwango cha kawaida cha 50%, Git inasema sio yenyewe. Na kwa hapo haifungui hata faili kusoma, ikiona tofauti ya ukubwa peke yake inatosha kuangusha alama chini ya kiwango inaruka moja kwa moja. Watu wanashangaa, "lakini sikufuta kitu!" Kweli haukufuta, ila kitambaa kipya kimezidi cha zamani.

Mpangilio hauhesabiwi. Ukichukua fonksyoni za chini ukazipandisha juu, vipande ni vilevile, alama haishuki. Kupanga upya faili hakuna hatari.

Kusogeza mistari kulia ni hatari kubwa kabisa. Ukifunga kodi yote ndani ya klasi mpya, kila mstari unapata nafasi nne mbele, na kwa Git kila mstari sasa ni kipande kingine kabisa. Wewe unaona kodi ni ileile, yenyewe inaona karibu 0%. Na ile -w ya git diff inayopuuza nafasi tupu haisaidii hapa, inafanya kazi kwenye kuonyesha tofauti, sio kwenye kutafuta majina. Kwa upande wa Windows kuna huruma kidogo: ile herufi ya CR ya mwisho wa mstari haihesabiwi kwenye mafaili ya maandishi, kwa hiyo mwenzako wa Windows akibadilisha tu miisho ya mistari usiogope. Na kama una maelezo ya Kifaransa yenye é na à, ukibadilisha faili kutoka Latin-1 kwenda UTF-8 (njia mbili za kuhifadhi herufi), mistari yenye hizo aksenti tu ndiyo inayobadilika, mingine inabaki.

Ya nne ni faili za mstari mmoja mrefu, kama JSON (faili ya data kwa maandishi) iliyobanwa. Zinakatwa kila baiti 64 kuanzia mwanzo, sasa ukiingiza herufi moja pale mbele vipande vyote vinasogea na hakuna hata kimoja kinachofanana tena. Mie JSON ya bei za kahawa naiandika kila kitu mstari wake, ni kwa ajili ya hii.

Hatua ya 4: geuza kiwango

Kiwango cha kawaida ni 50%. Tuvuke chini yake:

(seq 1 100; seq 5001 5100) > wateja.txt
git add -A
git diff --cached --name-status

Zimebaki baiti 292 kati ya 792, yaani 36%. Utaona D ya orodha.txt na A ya wateja.txt, imefutwa moja imezaliwa nyingine, hawajuani. Sasa uliza kwa upole:

git diff --cached -M30% --name-status

R036. Hakuna kilichobadilika kwenye dosie, umebadilisha swali tu. Angalia kitu kimoja, usisahau alama ya asilimia: -M5 inasomeka kama 0.5, yaani 50%, na ukitaka tano kweli ni -M5%. Na -M100% inakupa zile ambazo hazikuguswa kabisa.

Git status nayo inakubali: git status --find-renames=30%. Na kama hauoni R popote hata kwa jina lililobadilishwa tupu, pengine Git yako ni ya zamani sana, git diff imeanza kutafuta majina yenyewe bila kuambiwa tangu toleo la 2.9 la 2016, kabla ya hapo ilibidi uandike -M mwenyewe.

Hatua ya 5: jina limebaki, yaliyomo yamehama

Hii inatokea sana. Unahamisha kazi yote kutoka faili A kwenda B, lakini jina A unalibakiza na kuweka kitu kingine kabisa ndani. Jaribu:

git reset --hard
cp orodha.txt zamani.txt
seq 7001 7200 > orodha.txt
git add -A
git diff --cached -M --name-status

Git inasema M orodha.txt (imebadilishwa ndani) na A zamani.txt. Imekosea, juu -M inatafuta chanzo kwenye majina yaliyotoweka tu, na orodha.txt haikutoweka. Ongeza -B:

git diff --cached -B -M --name-status

Hii -B inavunja faili iliyoandikwa upya kuwa vipande viwili, kana kwamba ya zamani imefutwa na mpya imezaliwa kwa jina lilelile, halafu ile ya zamani inaingia kwenye mashindano ya kutafutiwa mahali ilipoenda. Sasa Git inaunganisha zamani.txt na orodha.txt ya mwanzo kwa 100%. Hata ukibadilishana majina ya mafaili mawili, -B -M inakamata.

-B ina namba mbili, kwa mfano -B50%/60%, na hizo ndizo za kawaida. Ya kwanza inasema mabadiliko yafike wapi ndipo faili ivunjwe na kuweza kuwa chanzo, ya pili inasema lini ionyeshwe kama imeandikwa upya yote: ukiweka -B/70% basi ya zamani inabidi ibaki chini ya 30%. Bila -B, faili iliyoandikwa upya inakuja na ile diff ya kuchosha ambapo mabano matupu na return za bahati zimelinganishwa katikati ya mistari ya kufuta na kuongeza, huwezi kuisoma. Kwa -B unapata ya zamani yote kisha mpya yote, safi. Faili ndogo chini ya baiti 400 haivunjwi, kwa hiyo usijaribu na faili ya mistari mitano ukasema mie nimekudanganya.

Kwa kunakili, yaani chanzo bado kipo, kuna -C, ila hiyo inaangalia tu mafaili yaliyobadilishwa ndani ya badiliko lilelile. Ukitaka iangalie dosie nzima, hata mafaili yasiyoguswa, ni --find-copies-harder, na kwenye mradi mkubwa kaa ukinywa chai.

Hatua ya 6: mafaili mengi sana

Ukihamisha dosie nzima huku ukibadilisha ndani, Git inabidi ilinganishe kila kilichotoweka na kila kilichozaliwa, na 1000 mara 1000 ni milioni moja. Kwa hiyo kuna mpaka: diff.renameLimit ni 1000 na merge.renameLimit ni 7000 kwenye Git za sasa. Ukivuka utaona onyo kwamba utafutaji umerukwa, pamoja na namba inayopendekezwa. Usilipuuze lile onyo! Ukilipita, mafaili yako yote yaliyoguswa yatageuka D na A. Fanya hivi:

git config diff.renameLimit 5000
git config merge.renameLimit 10000

Tangu 2021 kuna msaada mwingine, Git inaanza na majina ya mwisho. Kama src/kahawa/bei.py imetoweka na app/bei.py imezaliwa, na hakuna bei.py nyingine pande zote mbili, inalinganisha hizo mbili kwanza kabla ya kuingia kwenye msitu, ila hapo inataka kufanana kwa 75%. Kwa hiyo ukihamisha dosie, usibadilishe majina ya mafaili siku hiyohiyo. Mashini zetu hizi za RAM ndogo zitakushukuru.

Hatua ya 7: kufuatilia historia

git log --follow -- depot.py inarudi nyuma mpaka kupita jina la zamani, kwa faili moja tu kwa mara. Ikikatika mahali, ongeza -M35% iendelee. Kwa mstari mmoja mmoja, git blame, inayoonyesha nani aliandika kila mstari, inafuata jina la faili yenyewe, na ukiongeza -C -C itakuambia hata mstari uliotoka faili lingine, na hapo -w inasaidia kweli. Ukipewa kodi ya mtu aliyeondoka kwenye kazi, anza na hii.

Hatua ya 8: komiti mbili, na ukomo wake

Ushauri utakaousikia kila mahali ni: komiti ya kwanza badilisha jina tu, R100 safi, komiti ya pili andika upya. Fanya hivyo, daima. Kabla ya komiti piga git diff --cached --name-status, angalia kama ni R au ni D na A, inachukua sekunde mbili. Log --follow na blame zitapita vizuri juu zinatembea komiti kwa komiti.

Lakini, na hapa sisi tulichelewa kuelewa: git merge haitembei komiti kwa komiti. Inachukua picha tatu, mahali mlipoachana, mwisho wa kwako, mwisho wa kwake. Zile komiti za katikati haizioni. Kwa hiyo hata kama ulikuwa na nidhamu ya komiti mbili, kama kutoka mlipoachana mpaka mwisho faili imefika chini ya 50%, ile CONFLICT (modify/delete) itakuja vilevile. Kuna njia mbili za kutoka.

Ya kwanza ni kuunganisha kwa vituo. Mwenzako asiunganishe mwisho wa brenchi yako, aunganishe kwanza ile komiti ya jina tu kwa namba yake, git merge halafu namba ya komiti. Hapo kufanana ni 100%, mabadiliko yake yanahamia jina jipya bila shida. Kisha aunganishe mwisho. Sasa Git inaanzia kwenye kituo kile, ambapo jina ni depot.py pande zote, na kinachobaki ni migongano ya kawaida ya mistari. Hii ndiyo ninayoipenda, lakini inadai ile komiti ya jina tu iwepo.

Ya pili ni ya sisi tuliokwisha kosea, kushusha kiwango kwa mara moja:

git merge --abort
git merge -X find-renames=35% goma

Usishushe sana, ukifika 20% Git itaanza kuoanisha mafaili ambayo yanafanana kichwa tu, ile mistari ya leseni au ya import ambayo iko kila mahali, au kurasa za HTML zenye mwanzo mmoja, na marekebisho ya mwenzako yataingia kwenye faili lisilo lake kimyakimya bila mgongano wowote. Hiyo ni mbaya kuliko mgongano. Piga kwanza git diff -M35% --name-status kati ya mahali mlipoachana na mwisho wako, soma kila R kwa macho yako, ndipo uunganishe. Mahali mlipoachana unapata kwa git merge-base HEAD goma.

Sisi stock.py yetu ilikuwa baiti 9200, depot.py 11000, na zilizobaki za zamani 4300, yaani 39%. Tulipojua hivyo nilirudi nyuma kwenye brenchi ya majaribio, nikapiga ile merge kwa 35%, na hesabu ya bei ya mwenzangu ikaingia yenyewe ndani ya depot.py, ikabaki migongano mitatu ya mistari, tukaimaliza kwa simu kabla umeme haujakatika.